Voteksi haitoi baridi: anza kuchunguza hewa kabla hujagusa bomba

Mtu akinipigia simu kusema bomba lake la voteksi limekufa, huwa namuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: hiyo geji ya presha unayoisoma iko wapi? Mara nyingi jibu ni kwamba iko kwenye tangi la kompresa, upande wa pili wa karakana. Basi hapo ndipo uchunguzi unapoanza, kwa sababu presha ya tangi na presha inayofika mlangoni mwa bomba ni vitu viwili, na bomba linajua hiyo ya pili tu.

Kwa ambaye hajawahi kuliona: ni kibomba cha chuma cha kushika mkononi, hakina mota, hakina gesi ya friji, hakina waya wa umeme. Hewa ya kompresa inaingizwa ubavuni. Ncha moja inatoa hewa baridi, hata chini ya sifuri. Ncha nyingine inatoa hewa ya moto inayoweza kukubabua kiganja. Mfaransa Georges Ranque alilieleza mbele ya wanafizikia wa nchi yake mwaka 1933, wakampokea kwa mashaka. Vipimo vya Mjerumani Rudolf Hilsch vilipochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1947 ndipo dunia ilipolitazama kwa makini. Leo hutumika kupoza kisu cha mashine ya kukerezea mahali ambapo maji ya kupozea hayatakiwi, kupoza makabati ya umeme viwandani, na hata kwenye fulana za wachomeleaji wanaofanya kazi karibu na tanuri.

Kwa kuwa ndani yake hakuna kinachozunguka isipokuwa hewa yenyewe, vya kuharibika ni vichache mno. Naomba msomaji alishike hilo tangu sasa, kwa sababu nimeona mabomba mazima yakifunguliwa, yakakwaruzwa, mengine yakatupwa, na kosa lilikuwa hosi.

Kinachotokea ndani

Hewa inapita kwenye vitundu vilivyochongwa mshazari, kwa hiyo haiingii ikielekea katikati bali inaufuata ukuta wa bomba na kuanza kuzunguka. Umewahi kuona kisulisuli cha vumbi uwanjani wakati wa kiangazi? Ni mwendo wa namna hiyo, isipokuwa huu wa ndani ya bomba hukadiriwa kufikia mizunguko milioni moja kwa dakika. Kisulisuli kinasafiri kuelekea ncha ya moto. Kule mwisho kuna vali yenye umbo la koni: inaachia hewa iliyo karibu na ukuta itoke, na hewa iliyobaki inarudi nyuma kwa kupita katikati ya ile ya kwanza, hadi itokee kwenye tundu dogo la upande wa baridi. Katika safari hiyo ya kurudi, hewa ya katikati inaiachia nishati hewa ya pembeni. Wanafizikia bado wanabishana juu ya namna hasa nishati inavyohama, lakini kwenye hesabu hakuna ubishi: joto lililopungua upande mmoja ndilo lililoongezeka upande mwingine.

Kwa fundi, hesabu hiyo ni spana kama spana nyingine. Pima joto mara tatu: hewa inayoingia, hewa baridi, hewa ya moto. Chukua joto la upande wa moto, utoe joto la hewa inayoingia, kisha ugawanye kwa tofauti kati ya moto na baridi. Mathalani hewa inaingia ikiwa na nyuzi 30, inatoka baridi ikiwa na sifuri, na moto ikiwa na nyuzi 100. Sabini gawanya kwa mia: asilimia 70 ya hewa inatokea upande wa baridi. Huo nitauita mgao wa baridi, na nitaurudia tena na tena hapa chini. Ila usipime kwa kile kipimajoto cha kuelekeza chenye taa nyekundu. Kinasoma joto la chuma, hakisomi hewa. Tumia chenye waya, ncha yake ikae katikati ya upepo bila kugusa ukuta.

Baridi inakuja nusu dakika, kisha inapotea

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote, na sababu yake ni kompresa ndogo.

Bomba la ukubwa wa kawaida linakunywa lita 700 hivi za hewa kwa dakika, zikipimwa kama hewa ya kawaida isiyokandamizwa, kwa presha ya karibu baa 7 (baa ni kipimo cha presha). Lipo dogo zaidi la lita 280 hivi. Sasa tazama kompresa iliyopo kwenye karakana nyingi zetu: mota ya nguvu farasi mbili, ambayo ikijitahidi inasukuma lita 200 kwa dakika. Tangi la lita 100 likishuka kutoka baa 8 hadi baa 5 linatoa lita 300 za hewa. Bomba linadai 700, kompresa inaleta 200, pengo ni 500 kila dakika. Lita 300 kwa pengo hilo zinaisha ndani ya sekunde 36.

Kwa hiyo fundi anafungua vali, anaona umande unaganda, anafurahi, anaita wenzake waje kuona, na wakifika wanakuta upepo wa vuguvugu. Niliwahi kusimama kwenye karakana moja pale Gerezani, Dar es Salaam, nikitazama jambo hilo hilo likirudiwa mara nne mfululizo huku mwenye mashine akizidi kukaza na kulegeza vali ya upande wa moto. Vali haikuwa na kosa lolote. Tulipofunga geji kwenye mlango wa bomba, sindano iliteremka mbele ya macho yetu kutoka 7 hadi chini ya 3.

Dawa ni tatu na hakuna ya nne. Upate kompresa inayolingana, kwa kukadiria lita 110 za hewa kwa kila nguvu farasi moja. Au ununue bomba dogo zaidi. Au, kwa mabomba yanayoruhusu, ubadilishe kile kipande cha ndani chenye vitundu vya mshazari uweke chenye uwezo mdogo. Tangi kubwa peke yake linaahirisha tatizo tu. Linafaa kwa kazi ya vipindi, kama kutoboa tundu moja kisha kupumzika, lakini halifai kwa kazi ya mfululizo.

Ukiwa kwenye mfumo wa hewa, niruhusu nisisitize kitu kinachonitia hofu: bomba la maji la plastiki gumu, yale ya PVC, lisitumike kabisa kusafirisha hewa ya kompresa. Linapopasuka halichaniki kama hosi, linarusha vipande vyenye ncha kali. Kama umelikuta limefungwa, zima kompresa, toa hewa yote, ulibadilishe kwanza ndipo uendelee na habari za baridi.

Upepo upo, lakini baridi ni hafifu tangu mwanzo

Hapa presha haishuki taratibu. Inafika ikiwa tayari imekwisha. Funga kiungo cha tawi tatu mlangoni mwa bomba, uweke geji hapo, na usome hewa ikiwa inapita. Geji ikisomwa vali imefungwa haikwambii kitu, kwa sababu hewa iliyosimama haipotezi presha njiani.

Tofauti inafaa kuijua kwa tarakimu. Kwa mgao wa asilimia 20, hewa ikiingia kwa karibu baa 7 inapoa kwa nyuzi 68 hivi. Ikiingia kwa baa 1.4, bomba lile lile linapoza nyuzi 34 tu. Ukikuta geji ya mlangoni inasoma 3 na ya tangi inasoma 7, rudi nyuma kwa mkono: hosi ndefu yenye tundu jembamba, kapla za kuchomeka (hizi zina njia nyembamba kuliko zinavyoonekana kwa nje), filta iliyojaa uchafu, regileta (vali ya kupunguza presha) iliyofungwa nusu. Na usisahau kipande cha tepu nyeupe ya kufungia nyuzi kilichojisukuma ndani wakati wa kukaza. Kimoja tu kikikaa kwenye vitundu vya mshazari, kisulisuli kinayumba.

Ikiwa presha iko sawa, pima joto la hewa inayoingia. Bomba halitoi joto fulani lililoandikwa. Linapunguza kutoka hapo ulipoanzia. Hewa ikiingia na nyuzi 45 kwa sababu kompresa iko nyuma ya nyumba chini ya bati linalowaka jua, baridi yako nayo itapanda kwa nyuzi karibu zile zile. Nimeona mtu akihamisha kompresa kivulini na kuacha mita chache za bomba la chuma zipoe njiani, na shida ikaisha bila kununua hata skrubu.

Kisha inabaki vali, na hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu inafanya kinyume na wanavyotarajia. Ukiifungua vali ya upande wa moto, hewa nyingi zaidi inatokea huko, kwa hiyo upande wa baridi unapata hewa kidogo lakini baridi zaidi. Ukiifunga, upande wa baridi unapata hewa nyingi yenye baridi ndogo. Kwa mgao wa asilimia 80, hewa inayoingia kwa karibu baa 7 inapoa nyuzi 30 tu. Ukiifunga kabisa, hewa yote inatoka upande mmoja na hakuna baridi ya maana. Ukiifungua yote, upande wa baridi unaweza hata kuvuta hewa ya nje badala ya kutoa.

Sasa, baridi kali zaidi si lazima ndiyo unayoihitaji. Kinachopoza kisu au kabati ni baridi pamoja na wingi wa hewa, na vyote viwili kwa pamoja hufikia kilele kwenye mgao wa kati ya asilimia 60 na 80. Fundi anayefukuza sifuri kwenye kipimajoto huku kisu chake kinazidi kuwa chekundu amefungua vali kupita kiasi. Tena angalia aina ya kipande cha ndani: kuna kilichotengenezwa kwa ajili ya hewa nyingi, na kuna kingine chenye tundu dogo kwa ajili ya baridi kali ya mgao mdogo. Cha pili ukikilazimisha kufanya kazi ya cha kwanza, utakesha unazungusha vali.

Ncha ya baridi inatema maji, au inaziba na kuzibuka

Kwanza tutenganishe mambo. Umande au theluji nyeupe nje ya bomba, na ukungu mbele ya ncha, ni unyevu wa hewa ya chumba uliokutana na chuma baridi. Kwa pwani ni kawaida kabisa na hauhitaji kutibiwa. Ugonjwa ni barafu iliyo ndani. Dalili yake ni bomba linalopumua: upepo wa baridi unapungua taratibu, upande wa moto unavuma zaidi lakini joto lake linashuka, kisha kunasikika mlio wa kupasuka, vipande vya barafu vinaruka, na mzunguko unaanza upya.

Maji hayo yametoka angani. Chukua siku ya kawaida ya Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo imebeba gramu 24 hivi za maji kama mvuke. Ikandamize hadi baa 7 za geji, uiache ipoe hadi nyuzi 35, nafasi iliyobaki inaweza kushika gramu 5 tu. Gramu 19 zinageuka kuwa maji ndani ya tangi na mabomba yako. Kompresa ya lita 200 kwa dakika, ikifanya kazi saa nzima, inakuachia karibu robo lita. Ukikaa wiki mbili bila kufungua koki ya chini ya tangi, hesabu mwenyewe. Siku moja niliifungua ya mtu aliyeniapia kwamba hewa yake ni kavu, yakatoka maji ya rangi ya chai kwa muda mrefu hivi kwamba tulienda kutafuta ndoo.

Anza na koki hiyo, kila siku, kabla ya kazi. Halafu weka filta yenye kitenga maji karibu na bomba, si karibu na kompresa, kwa sababu hewa inaendelea kupoa njiani na kudondosha maji. Filta ya mikroni 5 inatosha kwa uchafu na matone. Mvuke wenyewe hauzuiwi na filta, unahitaji draya, yaani mashine ya kukausha hewa. Draya ya jokofu inakausha hadi kiwango cha umande (joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji) cha nyuzi 3 hivi ndani ya presha, na hewa hiyo ikishafunguka hadi presha ya kawaida kiwango hicho kinashuka hadi karibu nyuzi 23 chini ya sifuri. Kwa kazi nyingi hilo linatosha. Anayetaka hewa ya nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri anahitaji draya ya chembechembe za kunyonya unyevu.

Na kama huna uwezo wa draya kwa sasa? Funga vali ya moto kidogo mpaka hewa ya baridi ipande juu ya sifuri. Maji yatakuwepo lakini hayataganda, na kwa kupoza kisu cha kukerezea hewa ya nyuzi 5 ni msaada mkubwa. Hilo lisifanywe kwenye kabati la umeme, ambako tone moja linaweza kuchoma kifaa cha bei kubwa.

Pande zote mbili ni vuguvugu

Presha mlangoni ni nzuri, hewa inavuma, lakini hakuna baridi wala moto wa kueleweka. Sasa ndiyo, fungua bomba. Kipande cha ndani chenye vitundu, ambacho katalogi hukiita jenereta ingawa hakihusiani na umeme, kinaweza kuwa kimeachwa nje baada ya kusafishwa, kimewekwa kinyume, au kimepasuka. Bila hicho hewa inaingia bila kuzunguka. O-ringi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, ikichanika, hewa inavuja kutoka mlangoni moja kwa moja hadi upande wa baridi na kuchafua ile iliyopoa. Vipande vya plastiki hulegea hewa inayoingia ikizidi nyuzi 50 na kidogo. Mahali pa joto hilo weka cha shaba.

Ukikuta utando wa kunata wa rangi ya kahawia, ni mafuta ya kompresa yenye ringi zilizochoka. Osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha kabisa. Usichokonoe vitundu kwa waya wala msumari. Mkwaruzo mdogo unabadilisha njia ya hewa na hautarudishika.

Kabati la umeme linazidi kuwa na joto

Nitalisema kwa ufupi kwa sababu makosa yake yanajulikana. Ncha ya moto lazima iwe nje ya kabati. Nimeikuta ndani zaidi ya mara moja. Hewa inayoingizwa lazima ipate pa kutokea, vinginevyo presha inajaa na kurudi kwenye bomba. Hosi inayobeba hewa baridi iwe fupi na pana: kizuizi cha hadi baa 0.14 upande wa baridi hakina madhara, kikifika 0.35 baridi inapotea kwa nyuzi 3 hivi, na kikizidi hapo unajiumiza. Ziba mianya ya mlango ili vumbi lisiingie bomba linapozimwa.

Kelele

Mlio mkali ni tabia ya bomba, lakini masikio hayazoei, yanakufa. Funga sailensa pande zote mbili na uvae vizibo. Baridi ikipungua baada ya kufunga sailensa, itoe uitazame: imeziba kwa mafuta au barafu.

Bomba ulilolichonga mwenyewe

Nawapenda sana vijana wanaojaribu hili kwenye mashine za kukerezea, na naona kosa lile lile: tundu la kuingizia hewa limetobolewa likielekea katikati. Lazima liguse ukuta wa ndani kwa pembeni, kama maji yanavyomwagwa kwenye beseni ili yazunguke. Tundu la baridi liwe karibu nusu ya kipenyo cha ndani na likae katikati kabisa. Urefu wa upande wa moto usipungue mara 10 ya kipenyo, na ukuta wa ndani uwe laini. Usiikaribie ncha ya moto kwa mkono, na usielekeze yoyote kati ya hizo ncha mbili kwenye macho au ngozi ya mtu.

Bomba linafanya kazi vizuri, lakini chumba hakipoi

Hapa hakuna cha kutengeneza. Lile bomba la lita 700 linatoa upoaji wa wati 500 hivi, na kompresa ya kulilisha inakula kilowati 5 za umeme. Kiyoyozi cha kawaida kwa umeme huo kingepoza mara nyingi zaidi. Voteksi imeumbwa kwa mahali padogo: ncha ya kisu, sindano ya cherehani ya kiwandani, kabati moja lililofungwa. Ukitaka kulala bila jasho, nunua feni.